Pika Jumamosi, mbwa wa ghala ale wiki nzima

KATIKA kila mji wa mpakani kuna gunia la mahindi lisilo na mnunuzi. Limelowa chini ya turubai lililotoboka, au limekaa siku nyingi ndani ya lori lililokuwa likisubiri karatasi, au kipimo cha sumukuvu kimelikataa. Punje zake zimeingia ukijani na weusi, na mkono ukizamishwa ndani hukutana na joto. Mwenye mali hulisogeza pembeni ya ghala na kusema basi, hayo yatasagwa yawe ya mbwa.

Mbwa anayesemwa hapo, kuanzia Namanga hadi Busia, Sirari hadi Mutukula, si mbwa wa mapambo. Ni kufuli la pili la ghala. Mlinzi akisinzia saa tisa za usiku, yeye ndiye anayesikia bati likiguswa. Mfanyabiashara anayempa ugali wa gunia lile hana nia mbaya naye. Anaona amepunguza hasara. Kumbe anaweza kuwa ameanzisha hasara nyingine, ambayo haionekani mpaka asubuhi mbwa anapogoma kula na macho yake kuwa manjano.

Kulisha mbwa wa ghala ni kazi ngumu kwa sababu mwenye ghala hakai. Jumatatu yuko mnadani, Jumatano yuko ng'ambo akifuata malipo, Ijumaa amekwama kwenye foleni ya malori. Mbwa hubaki mikononi mwa mlinzi, na mlinzi humpa kinachopatikana: kipande cha ugali mkavu, au mabaki ya hoteli ya jirani. Mabaki hayo yana mchuzi wa vitunguu, chumvi nyingi, mifupa ya kuku na vijiti vya kuchokolea meno. Chakula cha mbwa cha viwandani kipo madukani, lakini kwa mwenye mbwa wawili wakubwa mfuko hauchukui muda kumalizika, na bei yake haiendani na faida ya gunia la maharage.

Ndiyo maana baadhi ya wenye maghala wameona afadhali kutumia siku moja ya wiki, mara nyingi Jumamosi jioni, kupika sufuria moja kubwa, kugawa kwenye makopo na kugandisha. Mlinzi hatakiwi kupima wala kubuni. Kila siku ni kopo moja kwa kila mbwa, basi. Utaratibu huu ni mzuri na hauna gharama ya kutisha, lakini una mambo matatu ambayo friza haiwezi kuyasahihisha: nafaka yenye sumu, chakula kilichopungukiwa madini, na sufuria iliyoachwa ipoe taratibu usiku kucha.

Sumu isiyokufa jikoni

Wafanyabiashara wa nafaka hawahitaji kuelezwa sumukuvu ni nini. Machi 5, 2021, Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, malori yakajipanga mipakani, na siku chache baadaye njia ikafunguliwa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kuwa sumu haizidi kiwango. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuliwa na watu ni sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni moja kwa aflatoksini zote kwa pamoja, na sehemu 5 kwa ile kali zaidi, B1.

Wengi walikichukulia kiwango hicho kama kisingizio cha kulinda soko, na huenda mabishano hayo hayataisha. Lakini sumu yenyewe haina siasa. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui nchini Kenya na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye aflatoksini. Mwaka 2016 Tanzania nayo ilipoteza watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu hiyo hiyo.

Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika upesi zaidi na aflatoksini. Kumbukumbu za Kenya za mwishoni mwa miaka ya 1970 zinataja vifo vya mbwa na kuku wengi Nairobi, Mombasa na Eldoret, waliolishwa chakula kilichohifadhiwa vibaya. Hata viwanda vikubwa havijasalimika: kati ya mwisho wa 2020 na Januari 2021, nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilipokea taarifa za mbwa zaidi ya 110 waliokufa baada ya kula chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo.

Anayefikiri moto utamsaidia anajidanganya. Ukungu hufa kwenye maji yanayochemka, lakini sumu ambayo ukungu uliiacha haiondoki kwa moto wa ugali. Barafu nayo haiigusi. Ugali wa gunia lililokataliwa, ukigandishwa leo na kuyeyushwa baada ya mwezi, una sumu ile ile. Kibaya zaidi, apikaye kwa wingi humlisha mbwa sumu hiyo siku saba mfululizo bila kubadilisha, ilhali mbwa wa mabaki angalau angekula wali siku ya pili.

Dalili huanza kwa mbwa kukataa chakula na kulegea. Hufuata kutapika, fizi na macho kuwa manjano, mkojo wa rangi nzito, na pengine kinyesi chenye damu au cheusi. Ini ndilo linaloumia, na dalili zikishaonekana ini huwa limekwisha kuharibika vya kutosha. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na chakula chote cha sufuria ile kisimamishwe kwa mbwa wengine.

Kanuni ya wenye busara ni fupi: unga wa mbwa uwe unga ambao familia ya mwenye ghala ingeula. Mashudu ya karanga yaepukwe kabisa kama asili yake haijulikani, kwa sababu karanga na mahindi ndiyo makazi makubwa ya sumukuvu. Chenga za mchele ni chaguo zuri zaidi. Kwa kawaida mchele haushambuliwi sana kama mahindi, chenga ni za bei nafuu, na mchele hukaa vizuri kwenye friza kuliko ugali, ambao ukiyeyuka hutoa maji na kuwa mgumu kama tofali.

Sufuria ya makopo 14

Mbwa mzima wa kilo 25 anayezunguka uwanja usiku huhitaji karibu kilo moja ya chakula kilichopikwa kwa siku. Wawili kwa wiki nzima ni kilo 14, ambazo zinaingia kwenye sufuria ya lita 20 hadi 25, ile inayokodishwa kwa ajili ya harusi.

Kwa sufuria hiyo huhitajika kilo nne za nyama za ndani na mabaki ya nyama kutoka kwa mchinjaji, yaani utumbo, moyo, bandama, na ini lisilozidi robo kilo, kwa kuwa ini likizidi humjazia mbwa vitamini A kupita kiasi. Kilo moja ya dagaa wakavu wasio na chumvi. Kilo mbili na nusu za chenga za mchele. Kilo moja na nusu ya karoti, boga au viazi vitamu. Na mafuta ya kupikia kiasi cha glasi ndogo. Hakuna kitunguu, hakuna kitunguu saumu, hakuna viungo vya pilau. Vitunguu vya aina zote huharibu damu ya mbwa, vikiwa vibichi au vimepikwa. Chumvi haihitajiki, dagaa na nyama wanayo ya kutosha.

Nyama za ndani hukatwa vipande vidogo kwanza, kisha huchemshwa peke yake kwa dakika zisizopungua 40 tangu maji yaanze kutokota. Hapa haraka haifai. Mapafu na maini ya mbuzi, kondoo na ng'ombe yanaweza kuwa na malengelenge yenye maji, ambayo ni makao ya minyoo ya hidatidi. Mbwa akiyala mabichi, minyoo hukomaa tumboni mwake, mayai yake hutoka kwenye kinyesi na kushika manyoya, na mtoto anayemshika mbwa kisha akala bila kunawa huyameza. Miaka baadaye, mtoto huyo anaweza kuwa mtu mzima mwenye uvimbe kwenye ini au mapafu unaohitaji upasuaji. Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu zilizowahi kuwa na viwango vya juu kabisa vya ugonjwa huu duniani, na katika maeneo ya wafugaji wa Tanzania nako unajulikana. Kiungo chenye malengelenge hakipikwi. Hufukiwa au kuchomwa, mbali na mbwa. Na friza ya dukani, inayozimika kila umeme unapokatika, isitegemewe kufanya kazi ya moto.

Baada ya hapo huingia dagaa. Ziwa Victoria limewapa majina mengi, omena kwa Mkenya, mukene kwa Mganda, na soko la Mwaloni Kirumba mjini Mwanza linawatuma hadi Burundi, Rwanda na Kongo. Mpishi wa chakula cha mbwa hujaribiwa kununua wale wa mafungu ya chini kabisa, waliokusanywa kwa ufagio baada ya kuanikwa mchangani. Bei yake inavutia, lakini sehemu ya uzito huo ni mchanga. Waloweshwe kwenye maji ya moto, wapekechwe, maji yamwagwe, na kazi irudiwe mpaka beseni liache kutoa tope. Dagaa wenye ukungu au harufu ya mafuta yaliyochacha hawafai.

Thamani ya dagaa katika sufuria hii si protini peke yake. Huliwa na mifupa yao, na mifupa hiyo midogo na laini ndiyo inayompa mbwa madini ya chokaa. Hapa ndipo wapishi wengi wa nyumbani hukosea. Nyama na wali vinamshibisha mbwa na kumnenepesha, manyoya yanang'aa, kila mtu anasifu. Kumbe mwili wake unachota chokaa kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Mtoto wa mbwa aliyekuzwa hivyo hupinda miguu.

Pasipo dagaa, maganda ya mayai yanasaidia. Huoshwa, huchemshwa, hukaushwa kwenye moto mdogo na kusagwa mpaka yawe unga laini usiokwaruza ulimi. Mbwa wa kilo 25 huhitaji karibu robo tatu ya kijiko cha chai kwa siku, kwa hiyo sufuria ya makopo 14 isiyo na dagaa huwekwa vijiko kumi hivi. Wauza chipsi mayai wa mjini humwaga maganda hayo kila usiku na hawayauzi.

Mifupa ya kuku iliyopikwa haimo. Hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Anayetumia vichwa na shingo za kuku avisage kwa mashine ya nyama pamoja na mifupa yake mpaka pasibaki kipande kigumu, au aache.

Mchele huingia wakati supu ya nyama na dagaa ingali nyingi, ukaiva ndani yake na kuinyonya. Mboga hukatwa ndogo na kuwekwa mwishoni, na mafuta hukorogwa sufuria ikishaepuliwa.

Chakula hiki kinatosha kwa mbwa mzima mwenye afya, lakini haifai kudai kuwa kimekamilika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipochunguza mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani mwaka 2013, asilimia 95 yalikosa angalau kirutubisho kimoja muhimu, na mengi yalikosa zaidi ya kimoja. Zinki, vitamini D na vitamini E ndizo huponyoka kirahisi. Daktari wa mifugo wa wilaya anaweza kuelekeza madini ya kuongeza, na mazungumzo hayo yana faida zaidi yakifanyika kabla ya mbwa kudhoofu. Jike mwenye mimba na watoto wanaokua wasilishwe kwa kipimo hiki bila ushauri wake.

Mbwa aliyezoea ugali na mabaki hapewi kopo zima siku ya kwanza. Atahara, na mlinzi atasema chakula kipya ni kibaya. Huchanganyiwa kidogo kidogo kwa wiki moja.

Saa mbili za hatari

Kosa kubwa kuliko yote hufanyika baada ya kupika, na hufanywa na watu safi. Sufuria inafunikwa vizuri, inaachwa jikoni ipoe, na asubuhi inagawanywa. Kilo 14 za wali na nyama hazipoi kwa usiku mmoja. Juu ni baridi, katikati kungali vuguvugu, na vuguvugu hilo ndilo linalopendwa na vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ni maarufu kwa jambo hili, nyama haiko nyuma. Kuisukuma sufuria ya moto ndani ya friza nako ni makosa: haitapoa katikati kwa saa nyingi, na itayeyusha samaki wa jirani aliyeomba nafasi.

Chakula humwagwa kwenye sinia na mabeseni mapana, unene wa vidole vitatu, chini ya wavu wa kuzuia nzi. Beseni likielea juu ya maji baridi hupoa upesi zaidi. Ndani ya saa mbili kiwe kimeingia kwenye makopo, na makopo kwenye friza.

Makopo, si mifuko. Mfanyabiashara anayevuka mipaka hii hahitaji kukumbushwa yaliyowapata wenye mifuko ya plastiki ya kubebea: Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Makopo ya siagi ya Blue Band na ya aiskrimu ya kilo moja, yenye mifuniko, yanafanya kazi vizuri na hurudi kutumika. Yaachwe nafasi ya kidole juu, kwa kuwa chakula kikiganda huvimba. Yapangwe yakiachana usiku wa kwanza ili baridi ipite. Yakishaganda yabanwe pamoja. Tarehe iandikwe kwenye kipande cha plasta ya karatasi. Friza ikishika nyuzi 18 chini ya sifuri, chakula hukaa miezi miwili bila shida, ingawa kwa sufuria ya wiki hakuna atakayefika huko.

Vyombo hivi ni vya mbwa tu: sufuria, mwiko, makopo, sahani. Katika nyumba nyingi za Kiislamu hilo halina mjadala, maana chombo alicholamba mbwa kina utaratibu wake wa kutoharishwa. Kwa wengine ni usafi wa kawaida, na unamwepusha mpishi na ugomvi wa jikoni.

Kila jioni mlinzi hutoa makopo mawili ya kesho kutoka kwenye friza na kuyaweka kwenye friji. Pasipo friji, kopo lililofungwa huwekwa kwenye ndoo ya maji baridi asubuhi ya kulishia, na chakula hupashwa mpaka kitoe mvuke kabla ya kupozwa na kumpa mbwa. Kilichoyeyuka hakirudishwi kugandishwa. Mbwa akibakiza, sahani huondolewa. Ikiachwa juani mpaka jioni inakuwa mali ya nzi na panya, na panya ndio hao hao wanaokula magunia.

Wapo wanaoona biashara hapa, kwamba kama makopo 14 yanapikika, basi 140 yanaweza kuuzwa kwa majirani, na ng'ambo pia. Upande wa pili wa mpaka ni habari nyingine. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zilizo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Cheti hicho hakifuti masharti ya afya. Nyama na mazao yake huhitaji vibali vya mifugo, na ofisa anayekuta makopo ya nyama iliyogandishwa yasiyo na karatasi ana haki ya kuyaharibu. Mbwa mwenyewe, akipanda lori kuvuka, naye anatakiwa kuwa na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Linabaki suala la umeme. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika ubaridi kwa karibu saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Kwa hiyo nafasi tupu hujazwa chupa za maji, ambazo zikiganda hulinda makopo. Lakini mwenye ghala aliyeko ng'ambo hajui umeme ulikatika saa ngapi wala ulirudi lini, na kopo lililoyeyuka likaganda tena linafanana kabisa na lililo zima.

Dawa yake ni sarafu moja. Kikombe cha maji hugandishwa, sarafu huwekwa juu ya barafu, na kikombe hurudishwa kati ya makopo. Mwenye ghala akirudi akaikuta juu, mambo ni salama. Akiikuta katikati ya kikombe au imezama hadi chini, makopo yote hufunguliwa na chakula kufukiwa kwenye shimo refu, na sufuria ya lita 25 hurudi jikoni.